Sahani Zisizorudi

Vifuu vya nazi vikiwaka vina harufu yake. Si harufu ya kuni wala ya mkaa. Ina utamu wa mafuta yanayoungua, na moshi wake hung'ang'ania nguo hata ukizifua kwa sabuni ya mche na kuzianika juani kutwa nzima. Mwaka ule niliokuwa darasa la tatu, harufu hiyo ilianza mtaani kwetu Mabawa mara tu baada ya adhuhuri. Ilitoka uani kwa Bi Rukia, ikapita juu ya kuta na mabati, ikaingia katika nyumba ambazo meko yake hayakuwashwa tangu jana. Nyuma yake ilifuata harufu ya vitunguu, kama vilipatikana siku hiyo, halafu ya maharage yanayochemka ndani ya tui. Mwenye shibe angesema ni harufu nzuri. Mimi niliinusa nikiwa na njaa, kwa hiyo mpaka leo sina hakika kama ilikuwa nzuri. Ninachojua ni kwamba ilikuwa inauma, na kwamba hakuna mlango unaoweza kuizuia.

Mambo mawili yalikuwa yametufikia kwa pamoja. Mvua za vuli hazikunyesha, basi mahindi na maharage yakawa vitu vya kutazamwa sokoni. Na kiwanda cha kamba za mkonge alichofanyia kazi baba kilifunga milango, kwanza kwa wiki moja ya matengenezo, kisha kwa mwezi, kisha hakuna aliyeuliza tena. Wanaume wa mtaa walikaa vibarazani kwa muda wakibishana kuhusu siasa na mpira, halafu mmoja mmoja wakatoweka kwenda kutafuta vibarua. Baba naye alikwenda bara, kwenye mashamba ya watu, akatuacha watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Sefu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia. Baba alisema atatuma kitu akishapata. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, maana hakupata.

Bi Rukia alikuwa mwenyekiti wa chama cha kinamama cha shughuli. Chama hicho kilikuwa na masufuria makubwa ya pilau, miko mirefu kama makasia, majamvi, na rundo la sahani za bati zenye maua mekundu pembeni, vyote vya kuazimwa na mtaa kwa harusi, hitima na maulidi. Sasa katika mwaka ule hakuna aliyeoa. Masufuria yalilala chumbani kwa Bi Rukia yamepinduliwa, na yeye, mwanamke asiyependa kuona kitu kimekaa bure, awe mtu au chombo, akasema kama hakuna harusi basi mtaa utapikiwa bila bwana harusi. Msikiti ukachangia chenga za mchele. Mwenye duka la kona akatoa chumvi na mafuta. Mama Paulo, Msambaa na Mlutheri, jirani wa ukuta kwa ukuta na Bi Rukia, akazungumza na wenzake kanisani, na maharage yakawa yanateremshwa kutoka milimani juu ya malori ya mboga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wale waliotoa hawakuwa matajiri. Walikuwa tu wamebakiwa na kidogo zaidi yetu, ikiwa kidogo hicho kinahesabika kuwa tofauti.

Mama Paulo na Bi Rukia walipika pamoja kwa kutaniana tangu kuwasha hadi kuepua. Mama Paulo alitaka makande yapikwe kama kwao, mahindi na maharage basi. Bi Rukia alitaka tui. "Nyie wapwani mtatia nazi hata kwenye dawa ya malaria," Mama Paulo alikuwa akisema, na mwenzake anamjibu kwamba Wasambaa hula ili wasife, hawali ili wafurahi. Tui lilishinda kila siku nazi zilipopatikana. Sisi watoto tulisimama ukutani tukisikiliza, tukijua kwamba ugomvi ukinoga chakula kiko karibu kuiva.

Mwanzoni walitaka watu waje wenyewe uani na vyombo vyao. Watoto tulikwenda mbio, na vikongwe wawili watatu wasiokuwa na wa kumwonea haya. Kinamama hawakuonekana. Sufuria ilibaki na chakula nusu, na huku nyuma ya milango watu wamelala na njaa. Mwenye njaa hana miiko, wanasema, lakini aliyetunga msemo huo hakuwahi kuishi Mabawa. Mwanamke wa mtaani kwetu alikuwa radhi ashinde na maji ya chumvi kuliko kuvaa kanga yake, apite mbele ya vibaraza, na kusimama kwenye foleni ya kuomba wali akiwa ameolewa na mumewe yu hai. Mama yangu alikuwa wa kwanza katika hao. Alinikataza nami nisiende, baada ya kugundua midomo yangu inang'aa mafuta.

Hapo ndipo Bi Rukia alipopata wazo ambalo mtaa mzima ulilisifu. Kwetu, jirani akipika kitu cha maana humpelekea jirani yake. Mwezi wa Ramadhani sahani hupishana njiani jioni nzima, hii ina uji, ile ina tambi, kila moja imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichochongoka juu, na hakuna ajuaye kilichomo ila aliyepika na atakayekula. Bi Rukia akaamua chakula cha jikoni kitoke kwa namna hiyohiyo. Wasichana wa madrasa walipewa sahani za bati na makawa, wakatumwa nyumba hadi nyumba baada ya alasiri. Mlangoni walipiga hodi na kusema maneno waliyofundishwa: "Bibi anawasalimu, amesema muonje." Hakuna sadaka iliyotajwa, wala njaa. Kwetu alikuja Zaina, mjukuu wa Bi Rukia, ambaye tulikaa naye dawati moja shuleni. Mama alipokea kwa mikono miwili, akamuuliza hali ya bibi yake, akafunga mlango, akaweka sahani chini, na sote watatu tukala. Nilimwona mama amefurahi. Hakuwa ameomba, alikuwa ameletewa.

Lakini ukichukua desturi ya ujirani huwezi kuchukua upande mmoja ukaacha wa pili. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hili hakuna aliyenifundisha kwa maneno, kama vile hakuna aliyenifundisha kutembea. Ukiletewa pilau, sahani unaiosha, unaikausha, na unaporudisha unatia chochote ulicho nacho, hata kama ni ndizi moja au ndimu mbili. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzio kwamba ujirani umekwisha. Bi Rukia alijua hivyo kuliko yeyote, na nadhani ndiyo maana hakufikiria kabisa. Mtu hafikirii kitu anachokifanya kila siku. Mama naye alikuwa Mbondei wa vijijini Muheza aliyeolewa mjini, na mgeni akishika desturi huishika kwa nguvu kuliko wenyewe. Sahani ya kwanza aliirudisha na ndimu. Ya pili ilirudi na majani ya mchaichai. Ya tatu ilikwenda na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, na hiyo ndiyo ilikuwa chumvi yetu yote. Baada ya hapo hapakuwa na cha kutia.

Mama akaanza kuziweka. Kila sahani aliiosha kwa majivu mpaka maua yake yakawa mekundu kama mapya, akaipanga juu ya kabati, akafunika rundo lote kwa kanga. Zaina alipoulizia, mama alimwambia amsalimu bibi, vyombo atavileta mwenyewe kesho inshallah. Kesho ilikuwa na kesho yake. Kumbe kabati letu halikuwa peke yake. Nyumba baada ya nyumba sahani zilikuwa zikilala, zimeoshwa na kufunikwa, zikingojea kitu cha kuzirudisha. Uani kwa Bi Rukia chakula kikawa kinaiva na hakuna cha kupakulia. Kinamama wa jikoni walikasirika, na haki yao walikuwa nayo kwa jinsi walivyoona. Walisema watu wa mtaa huu wakimaliza wali wanatafuna na sahani. Wengine walisema zimeuzwa kwa wanunua vyuma chakavu. Basi ikatolewa amri, na Zaina akaileta mlangoni kwetu akitazama miguu yake: nyumba isiyorudisha chombo haitaletewa kingine.

Nilidhani mama atazibeba sahani siku ileile. Hakuzibeba. Nilimwambia nizipeleke mimi, nitapita njia ya nyuma, hakuna atakayeniona. Akaniuliza kama nataka mtaa mzima usikie sahani tupu zikigongana kichwani mwangu. Nilimchukia kwa siku hizo, sitaficha. Nilizichukia na sahani. Tulikunywa uji mwepesi wa unga wa muhogo uliokuwa umebaki, halafu uji ulioitwa uji kwa sababu tu ulikuwa wa moto. Harufu ya vifuu ilikuja kila mchana kwa saa yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao ugonjwa wetu ukaanza kuonekana kwa Sefu. Kwanza aliacha kukimbia. Kisha akaacha kulia, na mama, ambaye alikuwa amevumilia kilio chake chote, ukimya huo hakuuweza. Alimlaza mapajani na kumwita jina, naye akawa anafumbua macho taratibu kama mtu aliyesumbuliwa, na kuyafumba tena. Nilielewa siku hiyo kwamba mtoto anaweza kufa ndani ya nyumba iliyofagiliwa vizuri.

Asubuhi iliyofuata mama alimwacha Sefu na mimi, akachukua kikapu na kisu, akaenda ufukweni Sahare maji yalipokupwa. Hakuwa mtu wa bahari. Tope lilimtisha na hakujua pa kutafuta. Na fukwe zilikuwa zimeshakwanguliwa na wenye njaa wengine. Alirudi jua limekwisha panda, kanga imelowa hadi kiunoni, na ndani ya kikapu mna kombe, wale wa baharini wakaao ndani ya magamba, kiasi cha kufunika sehemu ya chini tu. Aliwachemsha. Nyumba ilinukia bahari na chakula, nami nilikaa karibu na jiko nikimshika Sefu, nikihesabu kwamba hatimaye tumepona. Mama alitoa nyama kwenye magamba, akaiweka kando. Yale maji ya kuchemshia akayamimina kwenye kikombe, akamnywesha Sefu kidogo kidogo, akanipa mimi yaliyobaki. Kisha akapanda juu ya kiti, akateremsha sahani kutoka kabatini, akazipanga sakafuni, na akaanza kugawa kombe: kidogo hapa, kidogo pale, mpaka kila sahani ikapata chake. Akafunika. Akaniambia, "Haya, peleka. Na usile njiani." Nililia waziwazi. Yeye hakulia, wala hakunitazama.

Nilizipeleka kwa safari mbili kwa sababu hazikubebeka zote. Mama Paulo ndiye aliyenipokea uani, akaziweka juu ya jamvi. Nilikuwa tayari kusikia maneno kuhusu sahani kutafunwa. Bi Rukia alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akafunua ya kwanza. Akafunua ya pili na ya tatu. Alizifunua zote, na kwa kila moja akakaa akiitazama kitambo.

"Nani kakutuma utie kombe?" akaniuliza.

"Mama."

"Na nyie mmekula nini?"

"Tumekunywa maji yake."

Bi Rukia akakaa juu ya mbuzi ya nazi iliyokuwa karibu. Wanawake wote walisimama na miko mikononi. Ni Mama Paulo aliyezungumza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Nyie watu wa pwani mna adabu ya kumuua mtu," alisema. Bi Rukia akajibu kwamba ni kweli. Kisha akaniambia niketi nile, na nilikula pale pale uani mbele ya watu, sikuona haya hata kidogo. Chakula cha kupeleka nyumbani hakukipakua kwenye sahani. Alikifunga kwenye jani la mgomba, wali na maharage yenye mchuzi mzito, akanipa nikimbie nacho kikiwa cha moto, na jani lenyewe tulilitupa.

Asubuhi yake tulisikia hodi. Alikuwa Bi Rukia mwenyewe, mwenye miguu mibovu, ambaye hakuwa na kawaida ya kutembelea watu. Mama alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti, akabaki amesimama kama mtu anayengoja hukumu. Waliulizana hali, na mama akajibu hatujambo, kama inavyopasa. Ndipo Bi Rukia akasema amekuja na haja. "Vyombo vimetupungukia kule jikoni, mwanangu. Kama una bakuli, niazime mpaka jioni." Mama alimtazama, nadhani akitafuta kejeli usoni mwake, na hakuiona. Akaingia ndani, akatoa bakuli lake kubwa la kauri, alilopewa siku ya harusi yake, akalifuta kwa ncha ya kanga ingawa lilikuwa safi, akampa. Bi Rukia alishukuru sana, akaondoka nalo kwapani, akaenda kugonga mlango wa pili. Alizunguka mtaa mzima asubuhi ile akiazima mabakuli, na kijungu cha huyu, na hotpoti ya yule.

Jioni Zaina alileta bakuli letu. Lilikuwa limejaa. "Bibi anasema ahsanteni kwa chombo," alisema, na mama akalipokea kama mtu anayepokea kilicho chake, maana ndivyo ilivyokuwa. Desturi ilikuwa ileile, hawakuivunja. Waliigeuza tu ikatazama upande wetu. Sasa aliyepaswa kutorudisha chombo kitupu ni jiko. Kesho yake bakuli likaazimwa tena, na keshokutwa, mpaka masika yakanyesha na kiwanda kingine kikachukua vibarua. Sahani zenye maua zilirudi zote kwa Bi Rukia, haikupotea hata moja. Kila mtu mtaani alijua kwamba chumba cha Bi Rukia kilikuwa kimejaa vyombo, na hakuna aliyelisema hilo.

Sasa nakaa Usagara, na siku za Jumamosi nasaidia kwenye jiko la namna hiyo, la mtaa, lenye majiko ya gesi na wapishi waliovaa aproni. Chakula kinafungwa kwenye makontena mepesi ya kutupa na vijana wa bodaboda wanakisambaza. Kinafika kwa wengi na kinafika upesi, tena ni safi kuliko kile cha uani kwa Bi Rukia, ambacho kilikuwa na majivu yake. Hata hivyo nimekuwa mtu wa kulalamika. Najua wapo wanaopiga picha za wanaopokea, na hilo sitalizoea. Lakini hata bila picha, nimekuwa nikisema kwamba zamani kulikuwa na staha, watu walipelekeana, chombo kilikwenda na kurudi, na mtu hakupokea chakula kama anayepokea kifurushi. Katika mazungumzo hayo nimemtaja mama mara nyingi na zile sahani za kombe. Wenzangu jikoni wanaijua hadithi hiyo na wapo walioisikia huku machozi yakiwatoka.

Mama siku hizi anakaa Kigombe kwa Sefu, ambaye anafanya biashara ya samaki na ana kitambi. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona, nikachukua chakula kutoka jikoni kwetu kwenye makontena yale, na nilipokuwa napakua nikaanza lawama zangu: tazama vitu hivi, mtu anakula anatupa, hakuna hata salamu ya kurudi. Mama alichukua kontena moja, akalikunja kwa kidole kuona wepesi wake.

"Hivi ni vizuri," alisema. "Vingekuwepo siku ile, Sefu angekula kombe."

Nilimwambia kwamba mtaa wote ulimsifu kwa siku ile, na kwamba mimi mwenyewe huwa nasimulia. Akaniuliza nasimulia nini. Nikamwambia: heshima yake, na jinsi alivyokataa kurudisha sahani tupu.

"Mie nilikosea siku ile," mama alisema. "Mtoto hawezi kusimama, nami nagawa nyama kwenye sahani za watu. Ulipotoka nazo nikakaa pale chini na kumwekea mkono puani nijue kama anapumua. Hilo nalo uwe unawasimulia."

Alisukuma kontena mbele yake, akageukia mlangoni na kumwita Sefu aje ale, akamwita mara ya pili kabla hajaitika, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na hakugusa chakula mpaka alipomwona ameingia na kukaa.